Waliponiambia Sina Kitu

Kama umepimwa hospitali ukaambiwa huna kitu, nawe kila siku unaona unakufa, haya ni yako. Wengine wasome wakipenda. Mie si daktari, na shule yangu ni kisomo cha watu wazima tu, tulichokuwa tukikaa alasiri kwenye ofisi ya kijiji huku watoto wetu wakituchungulia dirishani na kutucheka. Maneno makubwa usiyatafute hapa. Nitakueleza niliyoyapitia, hata ya aibu, maana aibu ndiyo iliyonichelewesha.

Naitwa Bi Mwajuma, wa Boko. Kazi yangu mpishi wa shughuli. Iwe harusi, maulidi, hitima au msiba, nikiitwa naenda na mwiko wangu, na nikishafika jikoni hakuna anayefunua sufuria bila ruhusa yangu. Wanawake kutoka Boko mpaka Bunju wananiogopa, na wala sioni vibaya. Wali wa watu mia haupikwi kwa kuchekeana.

Ugonjwa huu ulinishikia msibani, masika. Miaka ile misiba ilifuatana. Vijana wenye nguvu zao walikonda, wakakohoa, wakazikwa, na ukiuliza marehemu alikuwa na nini unaambiwa malaria. Kila mtu malaria. Siku hiyo tulikuwa tumezika mtoto wa jirani yangu, kijana niliyemkanda mgongo alipozaliwa. Kuni zilikuwa mbichi, moshi mtupu. Nimeinama nageuza wali, mara moyo ukaruka. Sisemi ulidunda. Uliruka, kama kuku uliyemkamata miguu. Vidole vikafa ganzi, kisha midomo. Koo likabana. Sauti za watu zikaenda mbali, kama wananisemea kutoka uwanja wa pili. Nikasema moyoni, "Ndiyo hii."

Mwiko ukaanguka. Nikasikia mtu analia, "Jamani Bi Mwajuma!" wakanilaza jamvini, wakanilegeza kanga, wakanipepea. Baada ya muda nikakaa. Nimelowa jasho, miguu haina nguvu, nimechoka utadhani nimelima shamba zima. Zahanati wakanipima wakasema presha imepanda kidogo, nikapumzike.

Nikapumzika. Siku ya nne ukanishika bombani, nasubiri maji. Wiki iliyofuata dukani. Nami kila mahali uliponishikia nikaacha kwenda. Kwanza niliacha misiba, halafu harusi, kisha bombani, kisha dukani, mwisho hata kwa jirani kupiga hodi siendi. Dunia yangu ikawa ua na chumba. Nikawa nakaa na kidole shingoni nahesabu mapigo, na kadiri ninavyoyahesabu ndivyo yanavyokimbia. Nilianza kuvaa kanga imelegea kifuani, nisikabwe. Nilikataa kulala chali. Nilikataa chai. Nikakataa hata kucheka, nikiogopa moyo utastuka.

Mwanangu Zuhura ndiye niliyekuwa naishi naye, yeye na mumewe na mabinti zao wawili. Mumewe alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, yuko nyumbani mchana kutwa, nami niko nyumbani mchana kutwa. Tunatazamana. Akikohoa nastuka, nikistuka anaguna. Siku moja nilimsikia anamwambia mkewe, "Mama yako anajidekeza." Zuhura hakumjibu. Kutojibu kwake kuliniuma kuliko lile neno.

Kipupwe kilipoingia Zuhura akanipeleka hospitali kubwa. Benchi la pale nalikumbuka mpaka leo: limeng'aa kwa kukaliwa, na katikati lina ufa unaobana nguo. Tulikaa tangu asubuhi. Kila jina likiitwa moyo unaruka, na kila nikitazama waliokaa nami najiuliza nani kati yetu hatarudi kwao. Walinilaza, wakanibandika nyaya kifuani na miguuni.

"Tulia Bibi, usitikisike," akasema sista.

"Mie nimetulia. Moyo ndio unatikisika, uambie wenyewe."

Akacheka. Mie sikucheka.

Ile karatasi ya mashine ikatoka, daktari akaitazama, akaniwekea chombo kifuani na mgongoni, akaniuliza maswali mengi. Kisha akasema, "Bibi, hebu kaa nje kidogo, nizungumze na binti yako."

Hapo ndipo nilipokufa mara ya kwanza. Ili unielewe lazima nikurudishe nyuma kidogo.

Marehemu mume wangu alipougua kifua, daktari aliniita pembeni hivyo hivyo. Akaniambia huyu hatafika mwezi wa Ramadhani. Nikajifuta uso kwa ncha ya kanga, nikatoka, nikamwambia mume wangu, "Huna kitu, baba. Baridi tu imekuingia." Alinitazama, akasema, "Alhamdulillahi." Hakuuliza tena. Wala mie si wa kwanza. Kwetu mgonjwa haambiwi. Anaambiwa mtoto wake, ndugu yake, jirani yake, na yeye mwenyewe anaambiwa hana kitu. Ndivyo tunavyositiriana.

Basi nimekaa benchini. Mlango ukafunguka, Zuhura akatoka. Macho mekundu. Ncha ya kanga mkononi.

"Mama," akasema, "huna kitu."

Nikamjibu, "Alhamdulillahi."

Tangu siku hiyo sikuhitaji daktari wa kunieleza. Kila kilichotendeka nyumbani kilinipa ushahidi. Zuhura akininunulia maini, nasema mtu mzima wa afya hanunuliwi maini. Shangazi yake akija kutoka Kisarawe kunisalimu, nasema amekuja kuniaga. Wajukuu wakinyamaza nikiingia, nasema walikuwa wananizungumzia. Mkwe wangu alipoanza kuniamkia kwa upole, shikamoo Mama, umeamkaje Mama, ndipo nilipohakikisha. Yule hakuwa mpole na mtu.

Chakula kikanishinda, nikakonda. Nikakonda, nikasema unaona, nakwisha. Pete ikawa inatoka kidoleni yenyewe, nikaifunga uzi. Jirani mmoja akaleta mtu wa kunifukiza, akasema ni jini la baharini. Nikafukizwa. Mwalimu wa madrasa akaniandikia kombe, aya zilizooshwa kwa maji, nikanywa. Dua ilinipa utulivu wa saa moja mbili, na saa hizo nazishukuru mpaka leo. Lakini kidole kikirudi shingoni, mbio zinarudi.

Woga ule sijui nikuelezee vipi. Si woga wa mwizi wala wa nyoka, maana hao wako nje na unaweza kukimbia. Huu umo ndani ya kifua, ukikimbia unakimbia nao. Na ukishapita, unabaki unaogopa utakaofuata.

Vuli ilipoanza nikamwita Zuhura chumbani. Nikamwambia afunge mlango.

"Nataka ukaninunulie sanda."

"Mama!"

"Usinipigie kelele. Sitaki nife watu waanze kukimbizana madukani. Na masufuria yangu makubwa usimpe mtu asiyejua kuyasugua."

Zuhura akakaa chini, sakafuni. Alilia kilio kile cha kufumba mdomo, mabega yanaruka. Nikamwacha. Alipomaliza akatoka, nikasikia anapekua kabati lake. Akarudi na kadi ya hospitali, imekunjwa mara nne.

"Hii walinipa siku ile," akasema. "Daktari alisema moyo wako mzima, Mama. Mzima kabisa. Akasema unaogopa, na woga wenyewe una watu wake wa kuutibu. Akaandika nikupeleke kwa wa akili."

"Kwa vichaa?"

Akaikunja tena ile kadi.

"Ndicho ulichokuwa unalilia?"

"Nililia hicho. Nikasema, watu wakimwona Mama kwenye benchi lile, kesho Boko nzima inasema Bi Mwajuma karukwa na akili. Mabinti zangu atawaoa nani? Nikaificha. Nikawa nakwambia huna kitu, huna kitu. Nawe kila nikikwambia unazidi kukonda. Sikujua nifanye nini."

Utafikiri nilifurahi. Wala. Nilisema moyoni, mwanangu hodari wa kuongopa, kamzidi mama yake. Kaona nimegundua, katafuta kadi. Nikamwambia, "Vizuri. Kesho nipeleke." Nilikwenda ili niukamate uongo.

Kliniki yenyewe ilikuwa nyuma kabisa, upande wanakofua mashuka. Nilivaa buibui, nikajifunika uso. Benchini nilimkuta mama mmoja amekaa na mwanawe wa kiume mkubwa anayecheka peke yake, na mzee mmoja aliyevaa suti asiyeinua macho. Nikakaa ukingoni, nusu ya makalio nje, ili nikimwona mtu wa Boko niondoke. Hakuna aliyenitazama. Kila mmoja alikuwa anajificha yeye.

Aliyenipokea hakuwa daktari. Alikuwa nesi wa magonjwa ya akili, mwanamume wa makamo, mwembamba, anaitwa Maganga.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

"Bibi ni mwenyeji wa hapa hapa?"

"Mzaramo. Wa hapa tangu babu wa babu."

Akaweka kalamu mezani. Uso ukabadilika. "Mzaramo! Na hukuniambia toka mlangoni? Mie Mnyamwezi, Bibi. Mtani wako! Haya, unakufa lini? Nataka niwahi kulala kaburini kabla hujafikishwa."

Zuhura akashika mdomo. Msomaji, kama hukukulia kwetu, nikueleze: mtani wako hakuna asiloruhusiwa kulisema. Msibani anaweza kumwigiza maiti, akaingia kaburini akalala, akagoma kutoka mpaka abembelezwe, na ukikasirika wewe ndiye mkosefu. Miezi yote ile hapakuwa na mtu aliyetaja kifo mbele yangu. Watu walilikwepa neno lile kama shimo la choo. Huyu kalitaja kwa furaha.

Mdomo wangu ukajibu kabla yangu. "Ondoka hapa, mpagazi wewe. Babu yako alimbebea babu yangu mizigo kutoka Tabora mpaka huku pwani kwa miguu, akifika anaambulia nazi."

"Ndiyo maana nimesoma, nije nilipize. Hebu tuone Wazaramo mnavyokufa." Mtu mzima yule akalala kwenye benchi la ofisi, kidole shingoni, macho juu, anahema. "Zuhura! Zuhura mwanangu! Masufuria yangu!" Kumbe Zuhura alishamsimulia nilipokuwa benchini.

Nikacheka. Nilicheka mpaka machozi, tumbo linauma. Yeye akaamka, akajikung'uta, akakaa kitini kama hakikutokea kitu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umecheka dakika nzima Bibi. Kidole kilikuwa wapi?"

Nikatazama mkono. Ulikuwa pajani.

Sikupona siku ile, usidanganyike. Kutoka nje tu ukanishika tena, pale pale kwenye mashuka. Lakini nilirudi Alhamisi iliyofuata, na nyingine, mpaka masika ya pili.

Alichonifundisha nitakieleza ninavyokielewa mie. Alinitaka nisimulie ule wa msibani polepole, kama ninavyomwelekeza mtu kupika. Nikasema moyo uliruka, nikaanguka.

"Katikati hapo umeruka kitu," akasema. "Moyo uliporuka, kichwa kilisema nini?"

"Kichwa hakikusema. Kichwa kiliona nakufa."

"Kiliona kwa macho gani?"

Nikafikiri. "Nilisema, 'Ndiyo hii.'"

"Nani alisema?"

Maisha yangu yote sikujua kwamba kichwa kinasema. Nilidhani kinaona tu. Kikisema Zuhura ananificha, mie naona Zuhura ananificha, kama ninavyoliona jiwe. Kumbe katikati ya kitu na woga wangu kuna maneno, na maneno yale ni yangu. Zuhura ametoka na macho mekundu: hilo limetokea. Mama anakufa: hilo nimelisema mie, kwa sababu niliwahi kutoka mlango kama ule na macho kama yale. Nilimsoma mwanangu kwa uongo wangu mwenyewe.

Akanipa daftari. Nilipige mstari katikati, kushoto niandike kilichotokea, kulia kichwa kilichosema. Mwandiko wangu wa kisomo, herufi kubwa kama mahindi. Kushoto: NIMELETEWA MAINI. Kulia: NAAGWA. Nikaliandika hilo nikaliona lilivyo la kijinga, nikaona haya peke yangu. Lakini mengine hayakuwa ya kijinga hata yalipoandikwa. MOYO UMERUKA. NAKUFA. Hilo niliandika mara nyingi.

Siku moja aliniambia nipumue harakaharaka, kama mvukuto wa mhunzi, yeye anaangalia saa.

"Kwa nini?"

"Tumwite mgeni wako. Amezoea kuja bila kualikwa."

Nikavuta, nikatoa, nikavuta, nikatoa. Haukupita muda vidole vikafa ganzi. Midomo. Koo. Moyo ukaruka kama siku ile ya kwanza, na sauti ya Maganga ikaenda mbali. Nikashika meza kwa mikono miwili. Nilijua mtu huyu ananiua, na amemtoa Zuhura nje ili asishuhudie.

"Kichwa kinasema nini?" akauliza. Hakusogea, hakunigusa, hakunipepea.

"Nakufa! Mwite mwanangu!"

"Nitamwita. Ngoja kidogo. Usikimbie, usishike shingo. Mwache afanye anachojua."

Sijawahi kuogopa vile, na niliwahi kuzaa mtoto aliyetanguliza miguu. Nikaukazia macho ukuta, pale rangi ilipobanduka. Nikangoja kufa. Nikangoja. Ukapanda, ukapanda, ukafika juu, halafu, bila mtu kunigusa, ukaanza kushuka. Jasho likanitoka. Vidole vikarudi kimoja kimoja.

"Nani kauleta?" Maganga akauliza.

"Mie."

"Nani kauondoa?"

Hakuna aliyeuondoa. Uliondoka.

Baada ya hapo akaanza kunituma. Nenda bombani, na kanga ikaze. Nenda dukani, foleni ndefu ndiyo bora. Bombani niliweza. Dukani niliweza kwa kutetemeka. Halafu pakawa na maulidi Bunju, nikaitwa kupika, nikakubali kwa kiburi. Wali ulipoanza kukauka ukanijia, nikakimbia. Nilitupa mwiko nikakata njia ya mashambani, bibi mzima, kanga mkononi. Wali ukaungua. Maulidi ya watu, wali umeungua, na mpishi ni mie. Kwa wiki mbili sikutoka ndani, wala kliniki sikwenda. Zuhura akaniburuta.

"Mtani," nikamwambia Maganga, "nimechoka. Sitaki madaftari. Niambie neno moja tu. Niahidi kwamba huu hautaniua."

Nilitegemea mzaha. Hakufanya. "Huu woga hauui, Bibi. Hilo nalisema. Lakini kwamba hutakufa siwezi kukuahidi. Utakufa. Na siku hiyo pengine utajiambia ni woga tu, kumbe sio, utakuwa umekosea."

"Sasa?"

"Sasa ukosee siku hiyo moja. Hivi unakosea kila siku."

Nilimchukia kwa neno hilo njia nzima ya kurudi. Usiku ule ndio wa kwanza niliolala chali.

Nawe unayesoma, nenda upimwe kwanza. Moyo wenye ugonjwa nao upo, na usije ukaudharau kwa sababu yangu. Lakini ukishapimwa, na wenye kujua wakasema mzima, usitafute ukweli kwenye nyuso za watu. Uso wa mtu una mambo yake. Uliza kwa mdomo. Na kama walikuandikia kadi ya kukaa benchi la nyuma, kalikalie. Mabinti wa Zuhura wameolewa wote wawili.

Harusi ya mkubwa ndiyo niliyorudi kupika, hapa hapa uani kwetu, asubuhi. Zuhura alikuwa kando yangu anamenya vitunguu. Nyama ikaanza kuchemka, mvuke ukanipiga usoni, na moyo ukaruka. Zuhura akaniona. Kisu kikamponyoka, akanyoosha mikono kunidaka.

"Niache."

"Mama, kaa kidogo."

"Nimesema niache."

Nikasimama. Safari hii ulikuja na kitu kipya, kichomi chini ya titi la kushoto, na kichwa kikapiga kelele kwamba hiki ndicho chenyewe, hiki si kile cha siku zote. Labda kweli. Nilishika mwiko nikageuza nyama kutoka chini kwenda juu, taratibu. Ilichukua muda mrefu. Sijui muda gani. Ulipoanza kushuka nilimwambia Zuhura bila kumtazama:

"Siku nikiwa na kitu kweli, utaniambia?"

Akaokota kisu chake. Nikasikia wanawake wengine wanacheka upande wa pili wa ua, wanamtania bibi harusi.

"Zuhura, nimekuuliza."

"Nitakwambia, Mama."

Nikamgeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, ameyainamisha chini, na ncha ya kanga iko mkononi. Kichwa kikasema: anaongopa. Kikasema tena. Nikakiacha kiseme.

"Leta hivyo vitunguu," nikamwambia. "Mafuta yameshapata moto."